Kuingiza faiba na kutandaza nyaya za mtandao kwenye nyumba mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayejenga, au anayekaribia kujenga, na hataki kuja kupasua kuta baadaye kwa sababu ya intaneti. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini anayejenga Kenya hatapotea: mabomba ni yale yale na tofali ni zile zile. Kama una haraka, soma swali la 4 na la 9, kisha wahi saiti kabla fundi wa plasta hajafika.

## Mambo ya mwanzo

1. Faiba ni kitu gani, na inafikaje hadi nyumbani?

Ni uzi wa kioo wenye unene wa milimita 0.125, na taarifa husafiri ndani yake kwa mwanga, si kwa umeme. Safari huanzia kwenye mikongo ya baharini, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 na EASSy iliyoifuata mwaka 2010. Kisha hupita mikongo ya nchi kavu (kwa Tanzania, Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL), huingia kituo cha mtoa huduma, na kutoka hapo uzi mmoja huletwa mtaani. Juu ya nguzo au ndani ya kisanduku cha barabarani kuna kigawanyio kinachougawa mwanga huo, kwa kawaida kwa nyumba 32 au 64.

Mfumo huo huitwa GPON na ndio unaotumiwa sana majumbani. Uwezo wake ni Gbps 2.5 (gigabiti kwa sekunde; Gbps 1 ni Mbps 1000) kushusha na Gbps 1.25 kupandisha, na nyumba zote za kigawanyio kimoja hugawana. Ndiyo maana saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mbele ya runinga, kasi inaweza kushuka hata kama nyaya zako hazina dosari.

2. Mtaani kwetu faiba haijafika. Kuna haja ya kujiandaa?

Ipo. Kwenye mitaa mipya watu huhamia kwanza, barabara hufuata, na faiba huja nyuma ya vyote viwili. Bomba tupu lililofukiwa leo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kung'oa pevingi miaka mitatu baadaye. Tena nyaya za ndani hazijali intaneti imetoka wapi: ikiwa ni ya laini ya simu, ya mnara au ya setilaiti (swali la 21), zitaisambaza vile vile.

Ukiwapigia watoa huduma, usiulize tu kama wana huduma Goba au Kigamboni. Jibu litakuwa "ndiyo" na halitakusaidia. Uliza kigawanyio cha karibu na kiwanja chako kiko umbali gani, na kama kina nafasi iliyobaki.

3. Wi-Fi si inatosha? Nyaya za nini tena?

Wi-Fi nzuri huanzia kwenye waya. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, nguzo za zege na, kwa ghorofa, slabu yenye nondo. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta kiasi lakini ni ya polepole na yamejaa majirani. Ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta wa pili au wa tatu huyamaliza. Ruta moja iliyokaa sebuleni itamfikia aliye sebuleni, na chumba cha mwisho kitabaki na alama moja isiyofungua hata picha.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Runinga, kisimbuzi, kompyuta ya mezani na kamera hazihami. Kila kimoja ukikipa waya, unaacha hewa kwa simu, ambazo kweli zinaihitaji.

4. Nimwite fundi wa mtandao katika hatua gani ya ujenzi?

Mwite ramani ikiwa bado karatasi. Mwambie mchoraji aweke alama za soketi za mtandao kwenye mchoro ule ule wa umeme, kwa sababu fundi umeme hufuata mchoro, na kisichochorwa hakiwekwi.

Kwenye saiti kuna nafasi tatu zisizorudi. Ya kwanza ni kabla ya kumwaga zege la slabu, kama nyumba ni ya ghorofa: bomba la kupandia juu na mabomba ya dari lazima yawe yamelazwa juu ya nondo. Ya pili ni boma likishasimama, wakati fundi umeme anachana kuta na kulaza mabomba yake, kabla ya plasta. Ya tatu ni kabla ya kumwaga zege la kibarazani au kupanga pevingi uani, kwa ajili ya bomba la kutoka getini (swali la 5).

Nyaya zenyewe hazina haraka. Zisubiri plasta ikauke na milango iwe na makufuli. Ukivuta waya wa shaba kwenye nyumba isiyo na milango, umewavutia wezi.

## Kutoka barabarani hadi ndani

5. Bomba la kuingilia faiba liweje?

Litoke kwenye mpaka wa kiwanja, karibu na geti au mahali nguzo ilipo, hadi pale kitakapokaa kifaa cha faiba, kile kinachogeuza mwanga kuwa mawasiliano ya waya wa kawaida. Bomba jeusi la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 32 linatosha nyumba ya kawaida. Lilaze kina cha sentimita 45 hadi 60, chini zaidi linapopita njia ya gari, na weka utepe wa onyo sentimita 20 hivi juu yake kabla ya kufukia, kwa faida ya mtu atakayekuja na jembe kupanda miti.

Usitumie elibo za nyuzi 90. Bomba lipinde taratibu, au jenga chemba ndogo kila linapogeuka. Faiba za kisasa za majumbani, aina ya G.657A2, huvumilia mkunjo wenye nusu kipenyo cha milimita 7.5, kwa hiyo kioo chenyewe hakitakatika kirahisi. Kinachoshindikana ni kuuvuta mkonga (waya wenye uzi wa faiba ndani yake) kupita kwenye kona kali.

Acha kamba ya nailoni ndani, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa. Ziba midomo ya bomba mpaka siku ya kazi, maana panya na mchanga hawakosi. Mteremko uelekee nje, la sivyo mvua za masika zitaingia sebuleni kupitia bomba lako. Na kama bajeti inaruhusu, laza mawili. La pili halitakuwa na kazi kwa muda, halafu siku moja litakuwa nalo.

6. Mtoa huduma anasema atapitisha juu kutoka kwenye nguzo. Sasa bomba la nini?

Juu kunafaa, na mitaa mingi ndivyo ilivyo. Tatizo ni matawi, malori marefu na vicha vingi vya nyaya zinazoning'inia mbele ya nyumba uliyoipaka rangi juzi. Ukikubali njia ya juu, bado acha bomba la milimita 25 kutoka chini ya ukingo wa paa hadi kwenye kifaa, ili fundi asitoboe anapotaka yeye. Waya ushuke kidogo kabla ya kuingia, maji yadondokee nje. Kuhusu ule waya wa chuma unaobeba faiba hewani, tazama swali la 16.

7. Kifaa cha faiba kikae wapi?

Katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana, kwenye stoo au korido, mahali pakavu penye hewa. Kiweke kimo cha kifua, karibu na soketi mbili pacha za umeme. Kisiwe jikoni, kisiwe ukuta wa bafuni, kisiwe ndani ya boksi la breka za umeme.

Hapa ndipo nyumba nyingi huharibika. Kazi ya fundi wa mtoa huduma ni kuunganisha na kwenda kwa mteja anayefuata. Kupanga nyumba yako si kazi yake. Akiachiwa uamuzi atatoboa ukuta ulio karibu na nguzo, na kifaa kitaishia juu ya kabati la chumba cha wageni. Mwonyeshe bomba lako na kamba yake, atafurahi, maana umempunguzia kazi.

Ukinunua kabati la chuma kwa ajili ya swichi ya mtandao (kifaa kinachogawa intaneti kwenye nyaya za soketi zote) na vifaa vingine, antena za Wi-Fi zisibaki ndani yake. Chuma huzizuia.

## Nyaya za ndani

8. Niweke soketi ngapi, na wapi?

Chukua nyumba ya vyumba vitatu. Sebuleni nyuma ya runinga, tatu. Chumba cha kusomea au kona ya kazi, mbili. Chumba kikuu mbili, vyumba vingine moja moja. Dari, mbili kwa ajili ya vituo vya Wi-Fi, yaani vifaa vya kurusha mawimbi. Kamera nne za nje na moja ya getini. Jumla ni 16. Kila njia ikiwa na wastani wa mita 15 hadi 18, kasha moja la waya la mita 305 linatosha kwa shida. Nunua na akiba. Swichi iwe ya milango 24.

Ukitaka kupunguza, punguza vyumba vya kulala. Usipunguze dari wala nyuma ya runinga.

9. Mabomba ya ndani yawe ya ukubwa gani? Naweza kupitisha pamoja na nyaya za umeme?

Pamoja na umeme, hapana. Waya wa umeme ukichubuka ndani ya bomba, volti 230 zitapata njia ya kwenda kwenye kompyuta na mikono ya watoto, na hata usipochubuka huleta kelele kwenye mawasiliano. Mabomba ya mtandao yawe yake, mbali na ya umeme kwa sentimita 20 hivi yanapokwenda sambamba. Yakilazimika kuvukana, yavukane kwa msalaba wa pembe mraba.

Kuhusu ukubwa, kanuni ni kutojaza zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani. Waya wa Cat6 (aina ya waya wa mtandao, tazama swali la 10) una unene wa kama milimita 6, kwa hiyo bomba la milimita 20 libebe nyaya mbili, ukibanwa tatu. La 25 libebe nne. La 32 libebe saba au nane. Kona zote kati ya boksi na boksi zisizidi jumla ya nyuzi 180, yaani kona mbili za mraba. Zikizidi, weka boksi la kuvutia katikati.

Swali hili ndilo zito kuliko yote ya ukurasa huu. Aina ya waya utaibadilisha, ruta utaibadilisha, mtoa huduma utamhama. Bomba lililo ndani ya ukuta halibadiliki. Kama kuna mahali pa kutumia pesa kidogo zaidi, ni kuongeza kipimo kimoja juu ya kile fundi alichotaka kuweka.

10. Cat5e, Cat6, Cat6A au faiba mpaka vyumbani?

Cat6. Cat5e hubeba Gbps 1 kwa mita 100, na vifaa vipya huweza hata kupitisha Gbps 2.5 juu yake, kwa hiyo aliyekwisha kuiweka asiing'oe. Cat6 hubeba Gbps 10 kwa umbali wa takriban mita 55, na nyumba yenye njia ya ndani inayozidi hapo ni hoteli. Cat6A hufikisha Gbps 10 mita 100, lakini ni nene na ngumu kupinda, na itakulazimisha kupandisha ukubwa wa mabomba. Anayekuuzia Cat8 kwa nyumba ya kuishi anakuuzia jina.

Faiba vyumbani haina haja kwa sasa. Bomba likiwepo, siku ikihitajika utaivuta.

11. Kasha mbili zote zimeandikwa Cat6, moja ni nusu bei. Kwa nini?

Huenda ile rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo mafundi huiita CCA. Kwa macho zinafanana. Kwangua ncha ya uzi kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, CCA huonyesha weupe. Beba makasha yote mawili, la alumini ni jepesi waziwazi. Pinda uzi huo huo mara kadhaa, wa alumini utakatika mapema.

Upinzani wake kwa umeme ni takriban mara moja na nusu ya shaba. Kwa kompyuta huenda usione tofauti mwanzoni. Kwa kamera na vituo vya Wi-Fi vinavyopata umeme kupitia waya huo huo (swali la 14), nyaya hupata joto na vifaa huzima ovyo. Viwango vya kimataifa vya nyaya za mtandao haviitambui kabisa. Dai kasha lililoandikwa shaba tupu, na ukiweza fungua mbele ya muuzaji.

12. Fundi wangu anataka kuunganisha soketi moja hadi nyingine kama za umeme. Ni sawa?

Si sawa. Kila soketi iwe na waya wake mmoja, usiokatwa popote, hadi kwenye kabati la swichi. Umeme huruka kutoka soketi hadi soketi. Mtandao hauendi hivyo. Fundi umeme mzuri asiyewahi kufanya kazi hii hukosea hapa kwanza, kwa hiyo mwambie mapema.

13. Vituo vya Wi-Fi vikae wapi?

Darini, kwenye korido au ukumbi wa katikati, kimoja kwa kila ghorofa kama mwanzo, kila kimoja na waya wake. Kituo kilicho wazi chini ya gipsamu hufanya kazi vizuri kuliko kilichofichwa juu yake karibu na mabati, kwanza kwa sababu ya joto. Vioo vyenye filamu ya metali na milango ya chuma huzuia mawimbi, kwa hiyo anayependa kukaa barazani jioni apange kituo cha ziada upande wa huko.

Vile vifaa vinavyorushiana mawimbi bila waya husaidia, ila vingi hutumia hewa ile ile kupokea na kutuma, na kasi hupungua kila vinapoongezeka. Viunge kwa waya na tatizo hilo linaisha.

14. Kamera na geti zinahitaji nini?

Waya mmoja wa Cat6 kwa kila kamera. Swichi yenye PoE hupeleka umeme na mawasiliano kwa pamoja hadi mita 100: kiwango cha kawaida hutoa wati 15.4 kwa mlango, kinachofuata wati 30. Kamera nyingi hutosheka na cha kwanza. Jumlisha wati za vifaa vyote kabla ya kununua swichi, maana swichi ya milango nane inaweza isiwe na nguvu ya kulisha nane zote.

Kinasa picha kikae ndani ya kabati lenye ufunguo. Anayeingia kuiba huanza kukitafuta hicho. Kwa waya wa getini, tazama swali la 16 kwanza.

## Umeme, radi na chumvi

15. Umeme ukikatika, intaneti itaendelea?

Inaweza. Kigawanyio cha mtaani hakitumii umeme hata kidogo, hivyo mtaa mzima ukiwa gizani mwanga wa faiba unaendelea kufika, mradi kituo cha mtoa huduma kina jenereta au betri. Kinachozima ni vifaa vyako viwili.

Kifaa cha faiba na ruta kwa pamoja hula kama wati 15 hadi 20, na vingi hutumia volti 12. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inayokaa kati ya adapta na kifaa inatosha. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 ina Wh 84, yaani karibu saa nne kwenye karatasi, na tatu ukiondoa hasara. Soma adapta kabla ya kununua, kuna ruta za volti 9. Swichi ya kamera iwe na UPS yake, isije ikamaliza betri ya intaneti.

16. Radi je?

Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo faiba yenyewe haileti radi ndani. Lakini mkonga wa juu una waya wa chuma wa kuubeba, na huo hupitisha. Hakikisha fundi anaukata na kuufunga nje ya ukuta. Ndani uingie uzi wa faiba peke yake.

Hatari kubwa zaidi ni waya wa shaba unaotoka nje: kwenda getini, nyumba ya uani, banda la kuku lenye kamera. Radi ikipiga jirani, ardhi ya jengo moja na ya lingine hupishana volti, na waya wako wa Cat6 ndio unaoziunganisha. Kanda ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na anayejenga Mwanza, Bukoba au Kisumu asilichukulie jambo hili kirahisi. Kati ya jengo na jengo vuta faiba, na vibadilishi viwili vya kugeuza mwanga kuwa mawasiliano ya waya, kimoja kila upande. Ikibidi shaba kwa kamera ya ukutani, weka kizuia mshtuko kilichofungwa kwenye ethi halisi. Ethi isiyopimwa usiitegemee.

17. Ninajenga karibu na bahari. Kuna la ziada?

Chumvi hula viunganishi. Usiache soketi za mtandao nje bila boksi lenye mpira wa kuzuia maji, na vibano viwe vya chuma kisichoshika kutu. Waya wa nje uwe wenye ganda jeusi la kuhimili jua, maana ule wa kijivu wa ndani hupasuka.

## Kupokea kazi

18. Nitajuaje kuwa fundi amefanya sawasawa?

Usimalize kulipa kabla ya mambo manne. Kila waya uwe na namba ncha zote mbili, na orodha yake ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Testa iwake taa 1 hadi 8 kwa mpangilio kwa kila soketi. Kompyuta ikichomekwa ionyeshe 1000 Mbps, si 100 (sababu iko swali la 22). Na mtindo wa rangi za nyuzi, T568A au T568B, uwe mmoja nyumba nzima.

Kwa faiba, mwombe fundi wa mtoa huduma akuonyeshe kipimo cha mwanga. Namba huwa hasi. Kati ya -15 na -25 dBm ni salama. Ikikaribia -27 kuna mkunjo, kiungo kibovu au uchafu mahali, na huduma itakuja kukatika. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka, mwanga haufiki kabisa. Usichungulie ncha ya faiba kutazama kama "inawaka": mwanga wake hauonekani, na jicho linaweza kudhurika.

19. Niko Muscat, nyumba iko Bagamoyo. Nisimamieje?

Dai video ya kila chumba kabla ya plasta, fundi akitembea na futi kamba inayoonyesha umbali wa bomba kutoka kona na kutoka sakafu. Zihifadhi kwa majina ya vyumba. Zitakuokoa siku ya kutundika kabati ukutani. Baada ya plasta, dai video nyingine: mtu mmoja anavuta kamba kwenye kabati, mwingine anaonyesha ikisogea chumbani. Bomba ambalo kamba yake haisogei limeziba, na linazibuliwa kabla ya rangi. Nyaya na vifaa nunua ukija, au mtu atakayelala ndani akishapatikana.

## Hali zisizo za kawaida

20. Nimeshapiga plasta na rangi. Nimechelewa?

Kiasi. Angalia kwanza bomba la waya wa dishi au antena. Mara nyingi lina nafasi ya Cat6 mmoja, au unautoa ule wa zamani ukiufunga mpya nyuma yake. Njia ya pili ni juu ya gipsamu, kushuka ndani ya makabati ya nguo. Ya tatu ni mfereji wa plastiki juu ya ukuta, ambao ukipita juu ya ubao wa chini ya ukuta na kupakwa rangi hauonekani sana. Vifaa vinavyopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme viwe chaguo la mwisho. Ubora wake hutegemea nyaya zilizomo ukutani, na hujui hadi ujaribu.

21. Niwe na intaneti ya akiba? Ya setilaiti inafaa?

Laini ya simu kama akiba husaidia faiba ya mtaani inapokatwa na katapila. Haisaidii tatizo likiwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na waliokuwa na watoa huduma wawili waligundua kuwa wote wanapita njia moja. Setilaiti haitegemei nguzo wala mitaro ya mtaani. Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Kwa nchi nyingine, hakikisha kwanza kama ina leseni. Ukiifikiria, acha bomba la milimita 32 kutoka paani hadi kabatini, mahali penye anga wazi lisilo na miembe.

22. Nalipia Mbps 200, napata 90. Nani mkosaji?

Pima kwa waya, ukiwa umechomeka kompyuta moja kwa moja kwenye kifaa cha faiba. Ukipata 200 hapo, mtoa huduma hana kosa. Namba inayogota kwenye tisini na kitu karibu kila mara ni waya: Gbps 1 inahitaji nyuzi zote nane, na mmoja ukilegea vifaa hukubaliana kushuka hadi 100 Mbps bila kukuambia. Funga upya vichwa vya ncha zote mbili. Kama hata kwenye kifaa cha faiba unapata 90, jaribu waya mwingine, kisha ndipo upige simu ya malalamiko.

23. Si nyumba mpya, ninakarabati nyumba ya kale Mji Mkongwe. Haya yote yanahusu?

Nusu yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika nusu mita na zaidi, na Wi-Fi haivuki; hesabu kituo kimoja karibu kila chumba kikubwa. Kuchana kuta hizo kwa mashine hubomoa chokaa kuliko ulivyokusudia. Pitisha nyaya juu, kandokando ya boriti, ambako kivuli kinazificha, na mahali pa kushukia tumia pembe ya mlango. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mji wa kale wa Lamu tangu 2001, kwa hiyo usitoboe wala kutundika kitu ukuta wa mbele kabla ya kupata kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Uliza pia kama jirani ana faiba tayari: vichochoro hivyo vikiwa vyembamba, mkonga wako utapita ukutani kwake, na ruhusa yake itahitajika.